Mstari wa Watoto

Kaswera alikuwa na tabia moja ambayo kila mpiga chapa wa Goma anayo, na atakayekataa anakudanganya mchana kweupe: hakuwahi kuanza tangazo la kifo kwenye ukurasa mtupu. Mtu akifiwa, akaja na picha na karatasi ya majina, Kaswera alifungua tangazo la maiti wa mwisho, akafuta jina, akaweka jina jipya. Akabadilisha picha, tarehe, parokia na makaburi. Maiti wa leo alilazwa juu ya maiti wa jana, na wa jana juu ya wa juzi. Dakika kumi, kazi imekwisha, mwenye msiba anaondoka na karatasi zake bado za moto kutoka kwenye printa.

Hakuwa mvivu. Tangazo zuri lina visanduku vingi, vile vinavyoitwa zone de texte: kisanduku cha picha, kisanduku cha jina, cha familia, cha programu ya mazishi. Kuvipanga upya kila mara ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Kisanduku kimoja kinakataa kupanuka, kingine kinameza herufi za mwisho, kingine kinahamia ukurasa wa pili bila kuombwa. Kaswera alivijua vyote na alivitiisha. Hata wale wa maofisi ya Himbi, wenye kompyuta mpya na viti vya kuzunguka, walipozidiwa walimpigia simu wakisema, "Mama Katungu, kisanduku kimegoma."

Mama Katungu, kwa sababu mtoto wake aliitwa Katungu. Alikuwa na miaka saba, na hakuwa na ndugu. Kila siku saa sita mchana alitoka shuleni akaja moja kwa moja kwenye chumba cha mbao cha mama yake, barabara ya Katindo, chini kidogo ya kambi ya askari. Alikaa kwenye benchi la wateja, akala, akachora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Baba yake, Sikuli, alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Alikwenda Butembo kabla ya ile vita ya janvier, ya mwezi wa kwanza, barabara ikafungwa nyuma yake, na mpaka leo walikuwa wakimsikia kwenye simu tu. Huyo mtoto ndiye aliyemfanya Kaswera aamke asubuhi. Alisema hivyo mwenyewe, wala hakuona haya kusema.

Jumanne moja alikuja mama mmoja, Lucie, aliyefiwa na mama yake mzazi. Kaswera alimpa pole, akaandika, akachapa karatasi ya kwanza. Kwenye orodha ya watoto wa marehemu, jina la mwisho halikutoka. Lilikuwa jina la Lucie mwenyewe.

"Ngoja kidogo, mama," Kaswera alisema. "Kisanduku ni kifupi."

Alikivuta chini. Jina halikutoka. Alipunguza nafasi kati ya mistari, akapunguza herufi kutoka kumi na mbili hadi kumi na moja, akaamuru kisanduku kijipanue chenyewe kufuata maandishi. Wapi. Basi akakishika ukingoni akakisogeza pembeni, na hapo akaona shida. Nyuma yake kulikuwa na kisanduku kingine, kidogo, kitupu, kisicho na ukingo. Kilikuwa kimelala chini ya maandishi na kukandamiza kila kilichokuwa juu yake. Mabaki ya tangazo la zamani, aliwaza. Akakibonyeza, akafuta. Jina la Lucie likatokea, na Lucie akaenda na karatasi zake.

Jumatano kisanduku kilikuwepo tena. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko jana.

Alikifuta. Alhamisi kikarudi, na safari hii Kaswera alikasirika, maana alikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Alichukua kila kitu kilichokuwa kwenye ukurasa akakipaka rangi nyeusi. Ni njia ya zamani ya kuwinda maandishi meupe yaliyojificha kwenye karatasi nyeupe. Kile kisanduku kitupu kikajaa maneno.

*Familia Birindwa ina huzuni kubwa kuwatangazia kifo cha ndugu yao BIRINDWA GUYLAIN. Anaacha mjane wake:* na nukta nyingi. *Anaacha watoto wake:* na nukta nyingi.

Kaswera alikumbuka.

Ilikuwa wiki ile ya mwisho, mji haujachukuliwa na waasi, mizinga inasikika upande wa Sake. Mwanaume mmoja aliingia akiwa na picha ya mdogo wake, karani wa duka la dawa, mtu wa upande wa Bukavu aliyeishi Goma peke yake. Homa ilikuwa imemuua kwa siku mbili. Kwenye picha alivaa shati la mistari ya kijani. "Muke hana, mutoto hana," yule kaka alisema. "Andika tu ya kwamba amekufa." Kaswera alifungua tangazo la maiti aliyetangulia, baba wa watoto sita, akafuta majina ya mjane na ya watoto. Ile mistari yenyewe alikusudia kuifuta baadaye. Risasi zikaanza karibu na kambi, yule mtu akakimbia, Kaswera akafunga mlango. Alipofungua tena baada ya wiki tatu, mwenye tangazo hakurudi. Hakuna aliyejua alikoelekea. Siku zile watu walizikwa wengi kwa pamoja, bila msalaba, bila jina. Tangazo la Guylain halikuchapwa wala kusomwa popote. Mteja mwingine alikuja, na Kaswera akaandika juu yake.

Tangu hapo alikuwa ameandika juu yake watu thelathini na wanane.

Alimweleza Olive. Olive alikuwa msimamizi wa mashine ya fotokopi humo humo chumbani, mwanamke wa Bukavu, mcheshi, asiyeshindwa na maneno. Safari hii hakucheka. Alisubiri wateja waondoke, akasogeza kiti.

"Kwetu Bushi," alisema kwa sauti ya chini, "koko, bibi yangu, alikuwa anasema, mwanaume akikufa bila muke na bila mutoto, hawamuziki mikono mitupu. Banamuwekea kipande ya makala, makaa ya kupikia, mukononi. Banamuambia, huyu ndiye mutoto yako, usirudi kutafuta mwingine. Huyu Guylain, bamemuzika na nini?"

"Nitajua wapi? Sikumuzika mimi."

"Lakini wewe ndiye ulimuachia mistari mbili wazi."

Kaswera alimwambia aache mambo ya ushenzi. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu wa rozari, si mtu wa makala. Alifuta kisanduku, akahifadhi faili, akazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

Ijumaa asubuhi mstari wa kwanza ulikuwa umejazwa. *Anaacha mjane wake: Kaswera.*

Alimgeukia Olive kwa hasira, na wakagombana kweli. Olive aliapa kwa jina la mama yake. Na kusema kweli, Olive hakujua kuandika hata herufi mbili kwenye ile mashine. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha kijani na kupanga karatasi. Saa sita Katungu aliingia kutoka shuleni.

Muda mfupi baadaye simu iliita. Alikuwa Sikuli, kutoka Butembo, mtandao ukikatika na kurudi. Kaswera alizungumza naye dakika mbili, akampa mtoto.

"Ongea na papa."

Katungu aliweka simu sikioni. Alisikiliza. Kisha akaiondoa, akaifunika kwa kiganja.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni papa, Katungu. Msalimie."

"Hapana. Papa nimemuacha pale njiani. Amenishika mukono kutoka shuleni." Aliirudisha simu kwa mama yake kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. "Amevaa ile shati yake ya mistari. Ya kijani."

Katungu hakuwahi kuiona ile picha. Olive alisimama akaenda kufunga mlango, ingawa ilikuwa mchana na barabara imejaa watu.

Jumatatu Kaswera alimwita Benny. Huyu Benny alikuwa kijana mzima wa miaka thelathini, fundi wa kompyuta, mtu asiyeamini kitu ambacho hawezi kukifungua kwa bisibisi. Kaswera hakumweleza habari za makala wala za shati. Alimwambia tu kwamba kisanduku kinarudi.

"Hakuna kisanduku inarudi," Benny alisema. "Kuna kisanduku haijafutwa muzuri."

Alifungua lile dirisha la pembeni linaloorodhesha kila kitu kilicho kwenye ukurasa. Picha moja. Visanduku vitano. Vinne vilikuwa na namba kubwa kubwa, kwa sababu vilikuwa vimenakiliwa miaka mingi. Cha tano kiliitwa namba moja.

"Ndio hii," Benny alisema. "Ona, imefungwa na nanga kwenye paragrafu ya kwanza. Ukifuta kisanduku bila kufuta paragrafu, unajisumbua bure." Alikibonyeza ili aone vipimo vyake, na akakunja uso. "Ee. Hii haiwezekani."

"Nini?"

"Urefu. Hii programu haipokei kisanduku ya kupita sentimita makumi tano na tano. Ukiandika zaidi, inakataa. Hapa imeandika mia moja makumi mbili na moja."

Kaswera alitazama chini ya meza. Wiki iliyopita, shuleni, muuguzi alikuwa amewapima watoto kwa ajili ya fomu ya afya. Fomu ya Katungu ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake, pale chini ya meza, karibu na mguu wake. Uzito, kilo ishirini na mbili. Urefu, sentimita mia moja ishirini na moja.

"Futa," alisema. "Futa yote."

Benny alifuta paragrafu pamoja na nanga yake. Akafungua faili jipya, akahamisha visanduku vinne vizuri, akaacha kile cha tano. Akalitupa faili la zamani, akamwaga na pipa la takataka. Akazima mashine, akahesabu hadi kumi, akawasha. Alifanya kazi safi, hakuna wa kumlaumu. Alifungua faili jipya huku akitabasamu.

Tabasamu likaisha polepole.

"Mama," alisema. "Huyu Katungu si mutoto yako?"

Mstari wa pili ulikuwa umejazwa. Herufi zilikuwa nyeusi sasa, hazikujificha tena. *Anaacha watoto wake: Katungu.*

Benny alikusanya vyombo vyake. Mlangoni aligeuka, akanong'ona kwamba yeye anatengeneza mashine tu, mama amsamehe. Hakukubali kupokea kitu.

Kesho yake Katungu hakuamka kwenda shule. Hakuwa na homa. Alikuwa baridi. Kaswera alimfunga kitenge mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka saba, akakimbia naye hadi kwenye dispensari. Walimtoa damu, wakaitazama, wakasema damu yake ni nzuri. Wakampa serumu ya sukari. Katungu alilala, na katika usingizi akacheka kidogo, kicheko cha mtoto anayechezeshwa na mtu mzima.

"Unacheka nini, mama?" Kaswera alimuuliza.

"Papa anasema kule kwake hakuna mutu wa kumupikia," Katungu alijibu bila kufungua macho. "Anasema nikuje na sahani."

Padri alikuja akamwombea, akampaka maji ya baraka. Alisema aonyeshwe kaburi la huyo Guylain ili alibariki. Kaburi lipi? Kaswera alilia mbele ya padri bila kujificha. Alijua kwamba anamkosa mtoto wake, na kwamba kilichomkosesha ni uvivu wa mistari miwili.

Jumatano saa nne asubuhi alimbeba Katungu mpaka Katindo, akamlaza kwenye benchi la wateja, akamfunika vitenge viwili. Olive alikaa kwenye ncha ya benchi, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Mlango ulifungwa kwa ndani. Nje jenereta ya jirani ilikuwa ikinguruma na mtu alikuwa akiuza mikate kwa sauti. Kaswera alifungua faili.

Alibonyeza jina la mtoto wake. Akalifuta.

Jina likaondoka. Mstari ukabaki na nukta. Alingoja lirudi kama siku zote, lakini halikurudi. Alihesabu moja, mbili, tatu. Moyo ukaanza kumpa matumaini.

"Kaswera," Olive alinong'ona.

"Ngoja."

"Kaswera. Mutoto hapumui."

Aligeuka. Midomo ya Katungu ilikuwa imefunguka kidogo. Kitenge kifuani hakikupanda. Olive aliweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, akakiacha pale, akatikisa kichwa. Kaswera aliruka kwenye kibodi. Vidole vilikosea. Akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. *Katungu.*

Mtoto alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa majini.

Kumbe hivyo. Jina lilikuwa limeshika pumzi ya mtoto. Ukilifuta, unamfuta naye. Ukiliacha, anaenda kwa mwenye kisanduku, taratibu, akicheka. Kaswera alitazama ule mstari na kuufikiria kwa akili yake ya kazi, kwa sababu akili nyingine hakuwa nayo wakati ule. Kisanduku hakitaki kubaki kitupu. Huwezi kukifuta. Unaweza kuandika juu yake, jambo ambalo alikuwa amelifanya mara thelathini na nane. Ila lazima kitu kipya kiingie kabla cha zamani hakijatoka.

Lazima kuwe na mtoto mwingine.

Kando ya kibodi kulikuwa na orodha ya watoto wa katekisimu, majina arobaini, aliyopaswa kuichapia parokia. Tusijifanye watakatifu: aliivuta karibu. Alisoma jina la kwanza. Alisoma la pili. Wa pili alimjua, mtoto wa mwuza makala wa kona ile, mwenye pengo la meno mbele, na mama yake alikuwa akimsalimia Kaswera kila asubuhi. Kidole chake kilikaa juu ya lile jina muda ambao Olive hawezi kuusahau.

"Usifanye," Olive alisema.

Kaswera aligeuza karatasi chini juu. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Koko yako. Ile makala. Ilikuwa mutoto wa nani?"

"Ya nani? Haikuwa mutoto. Ilikuwa makala tu. Banamuambia ni mutoto."

"Na alikubali?"

"Walikuwa banakubali."

Basi Kaswera aliweka kishale kabla ya jina la Katungu. Alitafuta jina ambalo hakuna mtu yeyote aliyemjua analibeba. Hakuwa na Généreuse kwenye ukoo wake, wala kwenye kwaya, wala kwenye ile orodha ya katekisimu. Aliandika *Généreuse*. Akaongeza *Birindwa*, ili asimilikiwe na mtu mwingine. Akaweka mkato. Majina mawili yakakaa sambamba kwenye mstari mmoja.

Kisha akaanza kulifuta jina la mwisho, herufi moja moja, kutoka nyuma. Kila herufi aligeuka kumtazama Olive, na kila mara Olive alitikisa kichwa kwa kukubali. U ikaondoka. Kifua kinapanda. G ikaondoka. Kinapanda. Zilipobaki herufi mbili Katungu alikohoa, na Kaswera akasimama kabisa, mikono hewani. Mtoto alijigeuza upande. Alikuwa akipumua. Zile mbili zikaondoka.

*Anaacha mjane wake: Kaswera. Anaacha watoto wake: Généreuse Birindwa.*

Jina lake mwenyewe aliliacha. Olive alimwonyesha kwa kidole, kama kumwambia kwamba na hili lingeweza kuandikwa juu yake. Kaswera alikataa. Mtoto wa kubuni asiye na mama nani angemwamini? Alisema maneno hayo wazi, na alijua anachosema.

Alichapa karatasi moja. Kilichotoka ni kile kisanduku peke yake, katikati ya ukurasa, kikiwa na ukingo mweusi mzuri ambao hakuuweka yeye. Olive aliipeleka parokiani, ikabandikwa langoni. Jumapili ikasomwa kwa sauti, watu wakamwombea Guylain, na hakuna aliyeuliza mjane ni Kaswera gani.

Lakini hata kabla ya Jumapili, saa ile ile, Katungu alikaa kwenye benchi akasema ana njaa. Alikunywa chai, akala mikate mitatu. Jioni Sikuli alipopiga, Katungu alimpokonya mama yake simu. "Papa, barabara wataifungua lini?" Kaswera alitoka nje, akasimama kwenye mawe meusi ya volkano mbele ya mlango, akalia mpaka wapita njia wakampa pole. Aliporudi ndani alilifuta lile faili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akafungua ukurasa mtupu. Kisanduku hakikurudi. Siku saba alitafuta nyuma ya kila kitu, hakukiona.

Siku ya nane, saa sita mchana, Katungu alifika kutoka shuleni akiwa ameshikana mkono na msichana mwingine.

Walikuwa wa kimo kimoja. Sare ya shule ilimkaa vizuri, soksi nyeupe safi. Aliweka mkoba wake chini ya meza, mahali pale pale pa mkoba wa Katungu, akakaa kwenye benchi, akakunja mikono akingoja chakula.

"Umefika, Généreuse?" Olive alisema, bila kuinua macho kwenye fotokopi. "Leo mumechelewa."

Kaswera alimtazama Olive. Olive alikuwa akipanga karatasi, uso wake umetulia, uso wa siku ya kawaida. "Olive," alinong'ona. "Huyu ni nani?"

Olive alicheka. "Mama anachoka sana. Ata watoto yake anabasahau."

Kwenye sufuria ya chakula aliyoileta kutoka nyumbani, aliyoifunga asubuhi kwa mikono yake, kulikuwa na vijiko vitatu badala ya viwili. Nyumbani, kitandani kwa Katungu, kulikuwa na mito miwili, na wa pili ulikuwa umebonyea katikati. Sikuli alipiga simu saa kumi na moja. Alizungumza na Katungu, akacheka naye, kisha akasema, "Nipe na Généreuse nimusalimie."

"Généreuse gani?"

"Mutoto yako, Kaswera. Ule marehemu Guylain alikuachia mbele ya mimi kukuoa." Sauti ya Sikuli ilikuwa ya upole, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Usianze kumukataa. Mutoto hana kosa."

Kaswera alimpa simu yule msichana. Alisalimia vizuri, akaita "papa Sikuli", akamtakia usiku mwema. Alipomrudishia simu, vidole vyake viligusa vya Kaswera, na vilikuwa na joto kama vya mtoto yeyote. Hilo ndilo lililomvunja Kaswera nguvu. Alikuwa amejiandaa kwa baridi.

Katungu alikwenda kuosha sahani. Wakabaki wawili.

"Mama," Généreuse alisema, chini chini, asisikike jikoni. "Papa anashukuru kwa tangazo. Anauliza, wewe utakuja siku gani?"

Kaswera alitazama upande wa jikoni. Katungu alikuwa akiimba huku akimwaga maji.

"Mwambie Katungu angali mudogo," alisema. "Mwambie aniache mpaka akomae. Akikomaa, nitakuja bila kuitwa."

Msichana aliinamisha kichwa, akatulia, kama anayesikiliza mtu aliyesimama nyuma ya ukuta wa mbao. Kisha akaitika.

"Amesema ni sawa. Atamungojea akomae."

Asubuhi yake, kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha watoto, palikuwa na mstari mweusi ulionyooka, umechorwa usawa wa utosi wa Katungu. Hakuna aliyeuchora, watoto walikuwa wamelala, na mlango wa nje ulikuwa na kufuli. Kaswera aliusugua kwa sabuni, kwa jivu, mwisho kwa kisu. Haukutoka. Mwezi uliofuata kulikuwa na mstari wa pili juu yake.

Sasa ni mistari tisa. Kaswera hampikii tena Katungu nyama wala mayai, na majirani wanamsema kwa hilo, wanasema ana roho mbaya. Lakini mtoto ana hamu ya kula, Généreuse anamgawia sahani yake mwenyewe kila siku, na Katungu anakua haraka.